Kocha Aliyekagua Miguu Yetu

Kocha wetu alizaliwa wapi sijui, na ukoo wake ukiniuliza nitakudanganya tu. Mimi nilimjua akiwa tayari na kitambi, goti bovu na baiskeli ya Kichina, akija jioni kwenye uwanja wa Kibaoni kutufundisha mpira sisi wanafunzi wa sekondari. Kabla ya hapo alikuwa beki. Usidhani ni beki kama mimi, wa kucheza peku na kulipwa kipande cha muwa. Huyu alikuwa beki wa kuajiriwa, namba tatu wa timu ya kiwanda cha sukari, amepewa nyumba na mshahara kwa kazi moja tu ya kuwatesa mawinga wa watu.

Namwandika kwa sababu moja. Mama yangu anaamini kwamba ni yeye mwenyewe, mama, aliyeniharibia mguu. Akimaliza rozari yake anaongeza sala ya kuomba msamaha kwa jambo hilo, na nyumba yetu ni ndogo, kwa hiyo naisikia kila siku. Mimi nikimwambia si yeye, anadhani namfariji tu. Mtu mmoja tu anaweza kumwondolea mama mzigo huo, tena kwa sentensi moja, na mtu huyo ni Kocha. Ngoja nikueleze ni mtu wa namna gani, halafu utaona mwenyewe kama sentensi hiyo ilipatikana.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona akikimbia. Alifundisha akiwa amekaa juu ya tandiko la baiskeli, mguu mzima umekanyaga chini, mguu mbovu umening'inia kama wa kuazima. Kipenga hakuwa nacho. Alitumia kengele ya baiskeli: mlio mmoja simama, miwili rudi nyuma. Mlio wa kwenda mbele haukuwepo. Sasa fikiria Ifakara, mji wenye baiskeli nyingi kuliko viatu, na uwanja wenyewe uko kando ya barabara. Mtu anapita na gunia lake la mpunga, anapiga kengele kumfukuza mbuzi, sisi wote kumi na mmoja tunaganda. Mwingine anapiga mara mbili, tunakimbilia golini kwetu kama vifaranga walioona mwewe. Siku moja niliazima kengele ya jirani, nikajidai naumwa tumbo, nikajibanza kwenye majani ng'ambo ya barabara. Niliwarudisha wenzangu nyuma mara tisa. Kocha aliponigundua hakukasirika hata kidogo.

"Vizuri," alisema. "Leo mmerudi haraka kuliko jana."

Ndivyo alivyokuwa. Magoli hakuyapenda. Alisema goli ni bahati, na bahati yeye hajui kuifundisha, afadhali tusogee karibu atufundishe kazi. Mshambuliaji wetu, kijana mrefu mwenye maringo, aliwahi kulalamika mbele ya wote.

"Kocha, mimi ni namba tisa. Mbona nakaa nyuma na mabeki?"

"Namba tisa ni beki aliyepotea njia. Rudi."

"Sasa nani atafunga?"

"Kwani ukifungwa usipofunga, umefungwa na nani? Na wewe. Rudi, bwana."

Mpaka leo sijaielewa hesabu hiyo, lakini alirudi. Tulitoka bila kwa bila na karibu kila timu ya bondeni. Watazamaji walichoka hadi kina mama wakawa wanakuja na ukindu wao, wanasuka mkeka mechi nzima bila kuinua kichwa, kwa sababu walijua hakuna kitakachowapita. Wenzetu wa Namawala walituita Timu ya Mkeka. Kocha aliposikia alifurahi sana, akidhani wametusifu.

Nje ya uwanja pia alikuwa beki. Ukitembea naye barabarani lazima akae upande wa magari, wewe upande wa mtaro, hata kama gari lenyewe hupita moja kwa saa. Kwenye kibanda cha chai alikaa mgongo ukutani, kiwiko kimezunguka sahani yake ya vitumbua, na jaribu kupitisha mkono hapo uone. Mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi alipokea fulana kutoka kila chama, akazivaa zote kwa zamu, zimegeuzwa nje ndani. Ukimuuliza wewe ni wa wapi, anasema, "Mimi nakaba." Mke hakuwa naye. Walisema alikuwepo kule kiwandani, na kwamba alibaki kule nyumba ilipochukuliwa. Yeye hakusema kitu, na mimi, pamoja na mdomo wangu wote huu, sikuthubutu kumtania hapo.

Macho yake lakini! Hilo nakuomba ulishike. Beki kazi yake ni kumtazama mtu anavyotembea, na Kocha hakuacha kazi hiyo hata alipoacha mpira. Tulikuwa tukikaa naye sokoni, watu wanapita, yeye anawasoma.

"Yule mama jino linamuuma, upande wa kulia."

"Umejuaje?"

"Anakanyaga taratibu, hataki kichwa kitikisike. Na yule bwana wa kofia kaanguka na baiskeli leo asubuhi, anaona aibu kusema."

Mimi nilikimbia kumuuliza yule bwana wa kofia. Nusura anipige kibao, lakini ni kweli alikuwa ameanguka, tena kwenye matope, na shati lake la kwenda kanisani. Katika miaka yote sikumwona Kocha akikosea mwendo wa mtu. Ukiwa na mwiba tu wa jana, anaujua kabla hujafika.

Kitu kimoja kwake kilinichekesha zamani, siku hizi hakinichekeshi. Alikichukia kiwanda cha sukari kwa roho yake yote. Wauaji wale, alikuwa anawaita. Chai yake alikunywa bila sukari, anasema hawezi kuweka damu yake mwenyewe kwenye kikombe. Lakini koti la mazoezi la timu yao alikuwa nalo, limepauka, nembo imebaki nyuzi tatu, na alilivaa hata kwenye joto lile la Ifakara la kabla ya mvua. Redio ikianza kusoma matokeo ya mpira Jumapili, ole wako ukohoe. Timu ya kiwanda ikifungwa, jioni ile mazoezi yanakuwa mafupi na matusi mengi. Ikishinda, anapiga mluzi. Mwuaji gani huyo unayempigia mluzi, nilijiuliza. Sikujua bado kwamba mtu anaweza kukaa miaka akiutukana mlango huku akisubiri ufunguliwe.

Habari ya goti alitusimulia mara moja tu. Mvua ilitukimbiza uwanjani, tukajibanza kwenye ukumbi wa mashine ya kukoboa, pumba zimetujaa nywele. Golikipa wetu ndiye aliyeuliza.

"Kocha, hilo goti uliumizwa na winga gani?"

"Winga? Winga hawezi kuniumiza mimi. Niliumizwa na watu wangu."

Akatuambia. Goti lilikuwa limevimba kabla ya mechi, akasema hawezi. Wakubwa wa timu wakasema anaweza. Wakamdunga sindano, maumivu yakalala, akacheza dakika tisini bila kujua anakanyaga nini. Asubuhi maumivu yakaamka, lakini goti halikuamka tena. Alipewa barua ya shukrani, na wiki chache baadaye barua nyingine ya kurudisha ufunguo wa nyumba.

"Kwa hiyo," akasema, na hapo alitutazama mmoja mmoja, "mimi sitamchezesha mtoto wa mtu ameumia. Hata tukibaki sita. Sindano ile iliishia kwangu."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, lakini kila mmoja alisikia. 

Na alitimiza. Kabla ya kila mechi kulikuwa na ukaguzi. Tunapanga mstari, soksi chini, kwa wale wenye soksi. Kocha anashuka kwenye baiskeli, anachuchumaa kwa shida, goti lake linalia kama kitasa, anapita mguu kwa mguu akibonyeza ugoko kwa kidole gumba. Hatazami mguu anaoubonyeza. Anatazama uso wako. Ukikunja jicho tu, umekwenda na maji. Mimi nilikuwa nacheka makusudi ili asione uso wangu wa kweli, naye akabonyeza zaidi. Golikipa alirudishwa nyumbani siku ya mechi na Namawala kwa sababu ya kidole cha mguu kilichojikwaa kwenye jembe. Golini akasimama kijana wa darasa la saba tuliyemwokota kwa watazamaji. Tulifungwa matatu. Kocha alirudi na baiskeli yake anapiga mluzi, na mimi nikaamua kwamba huyu mzee, pamoja na ujinga wake wote wa bila kwa bila, ni mtu wa kweli.

Sasa nifike kwenye yangu.

Tulicheza Kiberege, na beki mmoja wa kule, mwenye daluga za chuma alizorithi sijui kwa nani, alinichoma chini kidogo ya goti la kushoto. Kidonda chenyewe kidogo, hata damu haikutosha kujivunia. Nilikificha kwa soksi, kwa sababu wiki iliyofuata wageni walikuwa wanakuja. Kiwanda kilikuwa kinatafuta kocha msaidizi, na watu watatu wa kamati walisema watapita Ifakara siku ya mechi yetu ijayo kumtazama Kocha anavyofundisha. Habari hiyo ilimbadilisha. Aliosha koti. Alinunua kipenga. Siku ya pili ya kipenga akatuambia, kwa sauti ambayo hatukuijua, "Wanangu, nisaidieni na mimi." Nani angebaki nyumbani hapo?

Siku mbili kabla ya mechi nikapata homa. Sasa wewe usiyetoka kwetu unaweza kushangaa, lakini kwetu homa haina maswali. Watafiti wanakuja bondeni kuwasoma mbu tangu mama yangu ni msichana. Mtoto akitetemeka hakuna anayeuliza ana nini. Ana malaria. Hata ukianguka kutoka juu ya paa ukapata joto, utapewa klorokwini kwanza, mfupa baadaye. Mama akanipa vidonge kama anavyonipa kila masika. Alinifunika blanketi, akakaa karibu na kichwa changu, akaimba taratibu. Blanketi hilo ndilo linalomla hadi leo. Angelifunua chini angeona mguu umekuwa mwekundu na kung'aa kama nyanya. Mimi nilijua. Nilisema, "Ni homa tu, mama." Ulikuwa uongo, nao ni wangu, na simsukumii mtu.

Siku ya mechi nilivuka barabara ya Kibaoni kwenda uwanjani. Nilijitahidi kutembea sawasawa. Kocha alikuwa amesimama pembeni ya gari la wageni, ananitazama tangu nikiwa ng'ambo. Nilipofika akanishika paji la uso.

"Una nini?"

"Homa, Kocha. Nimekunywa dawa."

"Homa! Nani Ifakara hana homa?" Akacheka, akiwageukia wageni, nao wakacheka. "Nenda kavae."

Tulipanga mstari kama kawaida. Nikasema moyoni, basi, nimekamatwa, anabonyeza mara moja tu napiga yowe. Wenzangu walianza kuinama kushusha soksi.

"Leo hatuna muda," Kocha akasema. "Ingieni."

Kipenga kikalia.

Nilicheza mechi yangu bora kuliko zote. Sijigambi, ndivyo wageni walivyosema. Klorokwini iliniwasha mwili mzima, nikawa najikuna huku nakaba, na winga wao akaniogopa akidhani nina upele. Bila kwa bila. Mgeni mmoja akaniuliza jina. Kipenga cha mwisho kilipolia nilikaa chini, na sikusimama tena muhula mzima.

Usaha ulikuwa umeingia kwenye mfupa. Hospitali walinipasua mara mbili. Kwa wiki kadhaa nilisikia neno kukata likisemwa nje ya pazia, na mama akijibu, "Subirini kidogo, naomba subirini." Hawakukata. Mguu wa kushoto umebaki mfupi kwa vidole viwili, nimerudia kidato, na darasani naitwa Mizani. Jina hilo nilijipa mwenyewe kabla hawajanipa baya zaidi.

Kocha alikuja mara moja. Hakuingia ndani. Nilimsikia akiongea na mama mlangoni mwa wodi.

"Mama, pole. Mtoto aliniambia ana homa tu."

"Ndiyo, mwalimu. Hata mimi aliniambia."

"Nawe ulimpa vidonge."

"Nilimpa."

"Basi," akasema. "Ndiyo hivyo."

Alipata kazi. Mwezi ule ule alihamia kiwandani, na baiskeli akampa mtu. Mama alibaki na ile *ndiyo hivyo*, akaifanya sala.

Nilikaa na hasira yangu karibu miaka miwili. Naweza kumtania mtu yeyote, lakini huwezi kumtania mtu ambaye hayupo. Likizo iliyopita mjomba wangu anayekata miwa akaniita kule, nami nikaenda, na jioni ya kwanza nikaenda uwanjani kwao. Majani yamekatwa vizuri, nyavu golini, wachezaji wana soksi wote. Kocha alikuwa amesimama pembeni na koti jipya. Alinitazama nikija. Nilikwenda polepole makusudi, nipate kuonekana vizuri.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba." Kisha akasema, "Umekuwa mrefu."

"Upande mmoja."

Hakucheka. Tulikaa kwenye benchi. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, nimeyafanyia mazoezi kwenye basi zima, lakini nililolisema lilikuwa swali.

"Siku ile mbona hukutukagua?"

Alitazama uwanjani. Wachezaji wake walikuwa wanapiga kona, moja, nyingine, nyingine.

"Ningekukagua ningekutoa," akasema.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilikuona unavyovuka barabara. Nilijua mguu gani na nilijua ni wapi." Alijifuta uso kwa mkono. "Niliwatazama wale watu ndani ya gari. Nikasema, dakika tisini tu, halafu nampeleka hospitali mwenyewe kwa baiskeli. Ndivyo nilivyosema."

"Na mimi nilidanganya," nikamwambia. "Tuko wawili. Lakini mama hayumo. Mama anadhani ni vidonge vyake. Anaomba msamaha kila siku kwa ajili ya vidonge."

"Mimi nifanyeje?"

"Njoo umwambie kwamba ulijua. Hayo tu."

Alisema atakuja Jumapili. Akaniapia, akanisindikiza hadi barabarani, yeye upande wa magari.

Nitakuwa mkweli, sikumwamini. Lakini alikuja. Jumapili, baada ya misa, alishuka kwenye basi na koti lake jipya na mfuko wa sukari mkononi. Mama alikuwa amepika wali wa mpunga mpya na samaki wetu wa mtoni, kitoga, wa nazi, kwa sababu nilimwambia tu kuna mgeni anakuja kumwambia neno. Alipoona ni nani, alisimama mlangoni na upawa mkononi.

"Karibu, mwalimu. Karibu sana."

Kocha akakaa mkekani. Aliweka sukari mbele yake, akaitazama, akasafisha koo.

"Mama, nimekuja kwa sababu ya..."

"Najua, mwalimu." Mama akapiga magoti pale pale, kama anavyopiga kanisani. "Usiseme wewe, ngoja niseme mimi, maana nimekaa nalo muda mrefu. Wewe ulikuwa na mechi yako kubwa, na mimi nikakuletea mtoto mgonjwa. Ningemfunua blanketi ningeona. Sikumfunua. Nisamehe, baba."

Nilimtazama Kocha. Midomo yake ilifunguka. Nilihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nikimsukuma kwa macho kama mtu anavyosukuma gari lililokwama.

"Yamekwisha, mama," akasema. "Usijali."

Mama akalia kidogo, akafuta machozi kwa khanga, akacheka kwa aibu. Uso wake ulikuwa umelainika, mwepesi, uso ambao sikuwa nimeuona tangu nilipolazwa. Alimshukuru mara mbili. Alimshukuru kwa sukari. Kisha akavuta sufuria karibu, akachagua kipande kikubwa kuliko vyote, kile alichoniwekea mimi, akakitia kwenye sahani ya Kocha, naye akala.